Kijani Nilichokichanganya Mwenyewe

Harufu ya tapentaini hunikasirisha. Wengine huwauma kichwa, wengine huwatoa machozi. Mimi hukasirika, na hasira yenyewe ni ya mtoto wa miaka kumi iliyobaki ndani ya mwanamke mwenye wajukuu. Juzi mkwe wangu alikuwa akipaka rangi mlango wa uani hapa kwetu Nyamugari, mjini Gitega. Nilitoka na chai yangu mkononi, nikavuta pumzi moja, nikarudi ndani bila hata kumsalimia. Nikamsikia akimwuliza mkewe, "Mama amekasirika nini?" Binti yangu akajibu, "Muache. Ni mambo ya zamani."

Ya zamani, sawa. Namshukuru Mungu kwa umri alionipa, kwa watoto, kwa macho ambayo asubuhi bado yanasoma msahafu bila miwani. Nimefundishwa subira tangu utotoni, nami nimewafundisha wengine. Lakini hakuna aliyenifundisha kwamba subira ni kuuita uongo kweli. Basi nitasimulia, na ninyi wa rika langu mtaamua kama nakosea kukasirika.

Baba alikuwa fundi wa kuandika vibao vya maduka. Kuanzia kwetu mpaka Magarama, ukiona herufi zenye kivuli, au mkasi wa kinyozi uliochorwa mpaka unaogopa kuusogelea, ujue ni mkono wake. Watu walidhani ana makopo ya kila rangi duniani. Alikuwa na manne: nyekundu, njano, buluu na nyeupe. Nyeusi alikuwa nayo pia, ila aliificha nyuma ya mlango, akisema nyeusi ni kama pilipili mkononi mwa mpishi mvivu, anaimwagia kila chungu.

Alichanganyia rangi juu ya kipande cha kioo cha dirisha lililovunjika. Mimi ndiye niliyeshika kijiti cha kukorogea. "Hizi tatu hazina wazazi," alikuwa akiniambia, akionyesha nyekundu, njano na buluu. "Hakuna rangi utakayochanganya ikakuzalia nyekundu. Lakini zenyewe zinazaa zote zilizobaki." Nyekundu na njano, chungwa linaiva mbele ya macho yako. Nyekundu na buluu, zambarau. Njano na buluu, kijani. "Lakini anza na njano, mama, kisha udondoshee buluu kidogo kidogo. Buluu ina nguvu. Ukianza nayo utamaliza njano yote ya nyumba hii na kijani usikione."

Kijani kikiwa kikali mno, kikipiga kelele, alikigusa kwa nyekundu kidogo sana, kama anayetia chumvi, kikatulia. "Nyekundu na kijani ukiziweka bega kwa bega, kila moja inang'aa kuliko ilivyo. Ukizichanganya, zinauana." Nilikuwa nikikoroga na kusikiliza, na mikono yangu ilinuka tapentaini mpaka mama akanikataza kugusa unga.

Madrasa yetu ilikuwa chumba kirefu cha matofali nyuma ya msikiti. Tuliandika kwenye mbao, kwa wino wa masizi, tukishahifadhi tunaosha na kuandika upya. Mtoto akikaribia khitma, yaani kumaliza msahafu wote, desturi ya pale kwetu ilikuwa kuupamba ukingo wa ubao wake, kisha anazungushwa mtaani nyumba kwa nyumba akiwa ameubeba, watu wamwombee dua na kumpa chochote. Wengi walipamba kwa mkaa na udongo mwekundu. Mimi nilikuwa nimebakiza sura chache. Baba alikuwa ameondoka kwenda Muyinga, ambako wafanyabiashara wa barabara ya Tanzania walikuwa wamemwita awaandikie maduka yao, na chini ya kitanda aliacha mabaki kidogo ya njano na buluu. Nikaketi uani na kile kioo, nikafanya kama alivyonifundisha. Kikatoka kijani kibichi kama jani la muhogo asubuhi. Nikapamba ukingo wote, na rangi ikaisha hapo hapo.

Kumbe wiki hiyo hiyo msikiti ulikuwa umepata makopo mawili ya kijani ya kupakia milango na madirisha, na kopo moja halionekani.

Mwalimu alikuwa kijana wakati ule, na sauti yake ya kusoma ilikuwa nzuri mpaka wapita njia walikuwa wakisimama. Nilimpenda. Nilikuwa nikifika wa kwanza ili nimfagilie mahali pake. Siku ile niliingia nimebeba ubao wangu kifuani, nikitegemea aseme mashallah. Akaninyooshea kidole.

"Njoo hapa. Rangi hii umeitoa wapi?"

"Nimeitengeneza, Mwalimu."

"Umeitengeneza." Akawageukia wenzangu. "Kwa kitu gani? Kwa majani?"

"Kwa njano na buluu."

Darasa zima likacheka. Sudi, mtoto wa jirani yetu wa tatu, akasimama bila kuitwa. "Anadanganya, Mwalimu! Njano iko njano, buluu iko buluu. Kijani iko ku msikiti!"

"Mi sidanganye!" nikapiga kelele. "We hujui kitu!"

"Basi nyamazeni," Mwalimu akasema. "Kama anajua kutengeneza, atengeneze mbele yetu. Sudi, kimbia kwa seremala, mwambie akupe njano na buluu."

Nataka mlitazame jambo hili kama ninavyolitazama mimi leo. Mtu mzima anamshitaki mtoto, kisha yeye mwenyewe anachagua kitu ambacho mtoto atajitetea nacho, na mtoto hajui kukataa. Sudi alirudi na vikopo viwili vya seremala aliyekuwa akipaka masanduku. Njano yake ilikuwa kama kiini cha yai. Buluu ilikuwa nzito, ya kung'aa kama ganda la biringanya. Sikuona tatizo lolote. Njano ni njano, nami niliamini hivyo kama Sudi.

Nilianza na njano, nikadondosha buluu. Nikakoroga. Ikatoka rangi ya jani la mgomba lililokauka. Nikasema moyoni, haijatosha, nikaongeza buluu. Ikawa tope. Nikaongeza njano, ikawa tope jingine.

"Ehe! Angalieni kijani yake!" Sudi akapayuka. "Kijani ya ng'ombe!"

"Na iyo ng'ombe iko mgonjwa!" mwingine akadakia kutoka nyuma.

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mwalimu hakucheka. Laiti angecheka. Alinitazama kwa huzuni, kama mtu aliyepoteza kitu cha thamani, akasema kwa sauti ile yake nzuri, "Tulijifunza kwamba siku ya hukumu mikono itasema. Wako umesema mapema." Kisha akatoa hukumu mbele ya watoto wote wa chumba kile: nisikae nao tena mpaka nirudishe kopo na niombe radhi mbele yao. Khitma hakuna. Ubao wangu akauegemeza ukutani, uso ukitazama ukuta.

Sasa nitawaambia kitu ambacho kwa miaka mingi nilikiona aibu kukisema. Nilimwamini. Rangi ilikuwa imenikubali uani kwetu, na mbele ya Mwalimu ikanikataa. Mtoto atafsiri vipi? Nilijua Mungu anaona yote. Nikasema, labda niliiba. Labda niliamka usingizini nikaenda msikitini, na kile kijani nilichokumbuka kukichanganya kilikuwa ndoto. Nilirudi nyumbani nikalitafuta lile kopo. Nilifunua mkeka, nikaingiza mkono kwenye mtungi wa unga, nikachungulia nyuma ya kuni. Mama akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia, "Kopo nililoiba."

Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mwoga wa maneno ya watu. Alinishika bega. "We, uliiba ao hukuiba?"

"Sijui."

"Basi omba radhi, yaishe. Neno moja tu, mwanangu. Litakupunguzia nini?"

Ningeliomba. Sikuwa shujaa. Kilichonizuia ni kwamba nilitakiwa kwanza kurudisha kopo, na kopo sikuliona popote. Siku zikapita, wenzangu wakipita mbele ya nyumba yetu na mbao zao, wakiimba "mwizi wa kijani, mwizi wa kijani." Mwishowe mama akanipakia kwenye lori la wafanyabiashara wa mchele pamoja na jirani yetu mmoja aliyekuwa akienda Muyinga, nimfuate baba huko, kwa shangazi. "Baba yako ataona la kufanya," akasema.

Nilimkuta baba juu ya ngazi, sokoni, akiandika jina la mwenye duka. Sikungoja ashuke.

"Baba, nimeiba kopo la msikiti."

Akashuka taratibu, brashi mkononi. "Uliliweka wapi?"

"Sijui."

"Uliliiba lini?"

"Sijui. Labda nilikuwa nimelala."

"Nani amekuambia uliiba?"

"Mikono yangu."

Baba akaiweka brashi chini. Kisha akaniketisha kwenye gunia, akanitaka nimweleze yote, na alichoniuliza si nani alicheka wala nani alisema nini. Aliuliza, "Hiyo buluu ilikuwaje? Kama anga la asubuhi, ao kama biringanya?"

"Kama biringanya."

"Na njano?"

"Kama kiini cha yai."

Akafumba macho. Akaingia dukani kwa mfanyabiashara aliyeuza rangi, akarudi na tone la buluu kama ile kwenye ncha ya kijiti, na tone la njano. Akalitia lile la buluu kwenye nyeupe, akalisugua juu ya kioo, akakiinua juani. "Unaona nini?"

Ilikuwa rangi ya maua ya mjakaranda. Kando yake akaweka buluu ya kopo lake mwenyewe, nayo akaichanganya na nyeupe. Hiyo ikawa anga. Mbili zilizokuwa zikiitwa jina moja, sasa zilitazamana kama watu wa koo tofauti.

"Ile ya seremala ina nyekundu tumboni," baba akasema. "Huioni mpaka uichanganye na nyeupe. Njano ile ya yai nayo ina nyekundu yake, kidogo, imejificha. Sasa hesabu mwenyewe. Ulidhani umechanganya mbili. Ziliingia ngapi?"

"Tatu," nikasema.

"Na zote tatu zikikutana?"

"Tope."

"Tope. Hata mimi ningetoa tope. Hata fundi wa Bujumbura angetoa tope. Mikono yako haikusema kitu, mama. Ilipewa rangi zisizozaa kijani." Akanisogezea kioo, akanipa njano yake, ile ya limau, na buluu yake ya anga. "Haya."

Nikaanza na njano. Nikadondosha. Kikatoka.

Sitaki kuwadanganya kwamba nilifurahi tu. Furaha ilikuja kwanza, hiyo ni kweli, na nikasema alhamdulillahi kwa sauti mpaka mwenye duka akachungulia. Lakini nyuma yake ikaja hasira ambayo mwili wangu mdogo haukuwa na mahali pa kuiweka. Sikuiba! Siku zote zile nilijitafuta kama mwizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe, ilhali kosa lilikuwa ndani ya kopo la seremala. Nikamwambia baba twende Gitega leo, sasa hivi. Akaniambia tungoje amalize kazi, subira, mwanangu. Nikamaliza wiki mbili nikichanganya kijani kila asubuhi kwenye kipande cha ubao, nikihofia kwamba siku moja kitakataa. Hakikukataa.

Tulirudi siku chache kabla ya Idi. Jioni ile ile Mwalimu akaja. Hakuingia ndani; alisimama mlangoni, akanionyesha kwa ishara nimsogelee, akainama karibu na sikio langu.

"Kopo limepatikana," akanong'ona. "Lilikuwa nyuma ya mikeka, limeviringika. Njoo kesho, ukae na wenzako. Tusahau."

Nilingoja aendelee. Ndilo lilikuwa neno lote.

"Utawaambia wenzangu?" nikamwuliza.

"Wataona umerudi. Wataelewa."

"Waliniita mwizi kwa sababu wewe ulisema."

"Sasa wewe waambie si kweli."

"Neno la mwizi nani ataliamini, Mwalimu?"

Akasimama wima. Akamtazama baba aliyekuwa akiosha brashi zake uani, kama vile kusema, mzee, huyu mtoto wako unamsikia? Baba yangu hakuwahi kumpazia sauti mtu wa dini maishani mwake. Aliendelea kuosha brashi, akaikung'uta, akaitazama ncha yake.

"Mwalimu," akasema, "mtoto ameuliza."

Mwalimu akaaga akaondoka. Kesho yake sikwenda, naye hakusema kitu darasani, wala siku iliyofuata. Nilijua kwa sababu mtoto mmoja wa jirani aliniletea ubao wangu, akaniuliza kama nimesamehewa. Nimesamehewa! Baada ya Idi baba alinirudisha Muyinga, kwa shangazi, na khitma yangu nikaifanya huko. Nilizungushwa kwenye mtaa wa watu wasionijua, wakanipa mayai na sukari na dua, Mungu awalipe. Lakini khitma ya mtoto ni ya mtaa wake. Kwetu Nyamugari hakuna mlango uliofunguliwa kwa ajili yangu.

Na jina lile halikufa. Kisimani lilinifuata. Nilipoposwa, mama mmoja wa upande wa mume aliuliza, huku akicheka, kama mimi ndiye yule wa kopo la msikiti, na mama yangu akacheka naye, kwa woga, na mimi nilikuwa nyuma ya pazia nasikia. Mwalimu naye aliendelea kufundisha. Alifundisha watoto wetu, na watoto wa watoto wetu. Alizeeka vizuri, akaheshimiwa, na kwa mengi alistahili. Mimi mwenyewe nilimpelekea futari kila Ramadhani. Tulisalimiana. Aliniuliza hali za wanangu. Miaka yote hiyo angeweza kusema sentensi moja, na kila mwaka alichagua kutoisema. Kosa alilitangaza kwa sauti iliyowasimamisha wapita njia. Haki yangu aliileta kwa mnong'ono. Watu wananiambia, ulikuwa mtoto, mambo madogo. Mtoto ana nini kingine zaidi ya jina lake?

Mwaka huu akafariki. Nilikwenda matangani kama jirani yeyote, nikaketi na wanawake uani. Kabla jeneza halijatoka, mwanawe mkubwa, Issa, akaja kwetu sisi wazee kama desturi inavyotaka, mikono kifuani, akituomba kwa niaba ya marehemu: kama kuna aliyekosewa, amsamehe, asije akasimama na kosa hilo mbele ya Mungu. Mmoja mmoja wakasema, tumemsamehe. Zamu yangu ikafika.

"Nimemsamehe kwa Mungu," nikasema. "Kwa watu, bado."

Wanawake wakageuka. Issa akachuchumaa. "Mama, alikufanyia nini?"

Nikamweleza, kwa maneno machache. Alikuwa ameshawahi kulisikia hilo la kopo, kumbe. Alilisikia kama hadithi ya kuchekesha. Nilimwona akiinamisha kichwa.

"Alijua hukuiba?"

"Alikuja kuniambia sikioni."

"Mama, marehemu hasemwi vibaya. Mbele ya watu, leo..."

"Sikukuomba umseme vibaya. Mtolee kile alichoshindwa kukitoa. Sema tu kwamba sikuiba."

Issa akainuka, akaenda upande wa wanaume. Kati yetu na wao kulikuwa na ukuta wa matofali tu, nasi tukanyamaza wote, tukamsikia akishukuru waliokuja, akiomba msamaha wa jumla. Akasita. Akasema, kwa sauti ya chini, haraka, "Na kuna mama mmoja wa mtaa huu, baba alimshitaki utotoni kuhusu rangi ya msikiti. Hakuiba."

Mzee mmoja aliyetoka Magarama, masikio yake mazito, akauliza kwa nguvu, "Nani ameiba?"

"Hakuiba, mzee."

"Eh? Sisikii. Sema na nguvu, kijana! Ameiba nini?"

"HAKUIBA!" Issa akapaza sauti, na ile ilikuwa sauti ya baba yake kabisa, ile nzuri, ikapita juu ya ukuta na kufika barabarani. "YULE MSICHANA HAKUIBA!"

Wale waliokuwa mbali, nje ya lango, walidhani ni dua, wakaitikia wote kwa pamoja: Amina.